Simu ya Mteja Mwenye Hasira: Tutafute Haki Kabla ya Kujitetea

Juma hili tunaomba ruhusa ya kuanza na kosa letu wenyewe, kwani si vyema kumnasihi mtu juu ya ulimi wake ilhali wa kwetu haujahesabiwa.

Msikiti wetu, kama ilivyo misikiti mingine mingi, una mradi mdogo wa kukodisha vifaa vya shughuli: maturubai, viti, masufuria makubwa na masinia. Kipato chake hulipia maji ya udhu, umeme na posho ya walimu wa madrasa. Simu ya mradi hukaa mikononi mwetu, kwa kuwa ndio tuliopewa dhamana ya ukatibu.

Asubuhi moja ya Jumamosi, saa tatu kasorobo, simu hiyo ililia. Aliyepiga ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa safu ya mbele, ambaye siku hiyo alikuwa na hitma ya mama yake. Hakusalimia. Alisema kwa sauti ya juu kwamba wageni wamekwisha kuingia, jua limekwisha kuwaka, na turubai hajaliona hata nguzo yake moja. Akauliza kama kamati ya msikiti inaona vyema kumwaibisha siku kama ile.

Nasi tulikuwa na nakala ya risiti mbele yetu. Risiti ilisema saa nne. Tukamjibu, "Mzee wangu, tazama karatasi uliyopewa. Saa nne bado haijafika." Akasema alipiga simu Alhamisi kuomba wakati usogezwe uwe saa mbili, na akakubaliwa. Tukasema hatuna kumbukumbu ya simu hiyo. Akapandisha sauti, nasi bila kujitambua tukapandisha yetu. Mwishowe akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti iliyoshuka kabisa, "Kijana, mimi sikupiga simu nishindane na wewe. Wageni wa mama yangu wako juani." Akakata.

Tulipoitazama simu, mazungumzo yale yalikuwa yamekula dakika saba. Kumpigia dereva wa kirikuu na kumhimiza aondoke kungetosha dakika moja. Turubai lilifika saa nne kamili, kama risiti ilivyosema, wakati ambao dua imekwisha kusomwa na watu wanaaga. Jioni yake mmoja wa vijana wa mradi alitujia ameinamisha kichwa. Ni yeye aliyeipokea ile simu ya Alhamisi, akakubali, asiandike.

Basi tulikuwa tumeshinda kwa karatasi na kushindwa kwa haki. Tumeona tulizungumze jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu nyumba zetu nyingi leo zinaishi kwa simu. Mama anapokea oda za sambusa na pilau, baba ni wakala wa miamala ya fedha, binti anashona au ameajiriwa kupokea simu za wateja, kijana anauza mitungi ya gesi. Kila mmoja wao, iwe leo au kesho, ataibeba sikioni sauti ya mtu aliyekasirika.

Kwa nini simu huzidisha hasira

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya kwa ajili ya hasira, kinyongo na husuda. Anaifananisha hasira na kaa lililojificha chini ya majivu: haionekani mpaka ipulizwe. Simu ni mpulizaji mwepesi wa kaa hilo.

Ana kwa ana, mteja anatuona tukiinamisha macho kwa aibu, nasi tunamwona ameshika nguo iliyoharibika na mtoto mgongoni. Nyuso hizo mbili huongea kabla ya ndimi. Katika simu uso umeondolewa, imebaki sauti peke yake. Tukinyamaza ili tutafute jina lake daftarini, yeye hudhani tumempuuza. Mtu akicheka nyuma yetu kwa jambo lake mwenyewe, yeye hudhani anachekwa. Tukijibu kwa neno moja fupi kwa kuwa tuna wateja wengine mbele yetu, yeye husikia dharau. Kwa hiyo anayepokea simu hana budi kuyasema yale ambayo uso ungeyasema: "Nakusikiliza, nimefungua daftari nitafute jina lako, usikate."

Tena mtu hapigi simu ya hasira mara tu tatizo lilipoanza. Aghalabu amekwisha kungoja, amekwisha kupiga mara mbili simu haikupokelewa, na amekwisha kuulizwa na watu wa nyumbani kwake akakosa jibu. Hasira anayotupigia nayo ni ya mchana kutwa. Tukilikumbuka hilo, hatutashangaa kwa nini sauti ni kubwa kuliko kosa lenyewe.

Mdai aliyekuja na maneno makali

Wengi wetu tunayajua mafundisho ya kuzuia hasira, na tunayasoma sana katika darsa. Lakini kuna kisa kimoja kinachomhusu mfanyabiashara moja kwa moja, nacho tunakipita upesi. Amekipokea Abu Huraira, Allah amridhie, na kimo katika Bukhari na Muslim.

Mtu mmoja alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akimdai ngamia. Alidai kwa ukali, mpaka masahaba wakataka kumtia adabu. Mtume akawazuia na kuwaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaamuru mtu yule apewe ngamia wa umri ule ule anaodai. Wakatafuta, wasipate ila aliye bora kuliko wake. Akaamuru apewe huyo huyo, na akawafunza kwamba walio bora ni wale wanaolipa kwa wema zaidi.

Tutazame mpangilio wa mambo. Mdai hakufundishwa adabu kwanza ndipo apewe haki yake. Hakuambiwa ashushe sauti ndipo asikilizwe. Ukali wake haukuifuta haki yake. Waliofunzwa siku ile ni wale waliosimama upande wa mdaiwa, wakaona heshima ya mkubwa wao inaguswa. Na mazungumzo hayakuishia kwenye maneno matamu, bali yaliishia kwenye ngamia.

Hapo ndipo tulipokosea sisi asubuhi ile. Tulisikia sauti, hatukusikia dai. Dai lilikuwa jepesi: turubai lije sasa. Sisi tukaijibu sauti.

Namna ya kulipokea dai

Tangu siku hiyo tumejiwekea utaratibu, na tunauleta hapa kwa yeyote atakayeona unamfaa.

Kwanza, tunakaa. Tumefunzwa kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae, na jambo hili lina manufaa makubwa hata kwa anayetupiwa hasira ya mwenzake. Mtu anayepokea simu huku anatembea, au amesimama mlangoni na mzigo begani, pumzi yake ni fupi na jibu lake ni fupi. Kaa, vuta pumzi, toa salamu kamili hata kama hukusalimiwa.

Pili, mwache amalize. Hasira ya mtu anayesikilizwa hufika kileleni kisha hushuka yenyewe, lakini ikikatizwa njiani huanza upya kutoka chini. Wakati anasema, andika: jina, kitu alichoagiza, siku, saa, kiasi alicholipa. Kuandika hutusaidia mara mbili, kwani hushika kumbukumbu na hushughulisha mkono, ulimi ukapumzika.

Tatu, mrudishie dai lake kwa ufupi. "Mzee wangu, nimekuelewa. Wageni wamefika, turubai halijafika, na uliomba saa mbili. Ndivyo?" Mtu akisikia jambo lake limesemwa sawasawa na mwenzake, hana tena haja ya kulipigia kelele.

Nne, omba radhi kwa lile unalolijua. Kama kosa bado halijathibitika, zipo pole zisizo za uongo: "Pole sana kwa kusubiri juani." Pole ya namna hii haimlazimishi mtu kukiri asilolitenda, na haimnyimi mwenzake utu wake. Swali la nani alikosea lina wakati wake, nao ni baada ya wageni kupata kivuli.

Tano, sema utakalofanya, na saa yake. Maneno kama "tunalishughulikia" hayana uzito. Sema, "Nampigia dereva sasa hivi. Saa tatu kamili nitakupigia nikwambie alipofika." Kisha piga saa tatu kamili, hata kama habari uliyonayo si nzuri. Mteja asiyepigiwa simu aliyoahidiwa ana hasira mbili, na ya pili ni halali yake kabisa.

Yapo pia maneno ambayo tumeyapiga marufuku katika simu ya mradi wetu. "Tulia kwanza" humwambia mtu kwamba tatizo ni yeye. "Si wewe peke yako" humwambia kwamba tumewakosea wengi. "Hilo si la kwangu" humwacha barabarani. Kama jambo kweli si la kwetu, tunamwambia ni la nani, tunampa namba, au tunampelekea sisi wenyewe.

Kesho ya fundi

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba adabu ya simu ni ulaini wa sauti tu. Wapo wenye sauti ya asali na ahadi ya moshi.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani katika kumi la mwisho la Ramadhani. Amepokea vitambaa vingi kuliko uwezo wa mikono yake. Mama wa watoto wanne anapiga simu akiwa na hasira, kwa kuwa aliahidiwa nguo za Idi tangu juma lililopita. Fundi anajibu kwa upole mkubwa, "Usijali dada yangu, bado vifungo tu, njoo kesho." Ukweli ni kwamba kitambaa hakijakatwa. Mama anakata simu ameridhika. Kesho anapanda daladala, anafika, anakuta kitambaa ndani ya mfuko alioleta nacho.

Je, simu ile ilipokelewa vyema? Sauti ilikuwa nzuri, salamu ilikuwepo, hakuna aliyetukanwa. Lakini tunaona ni afadhali fundi mkavu aliyesema kweli. Upole wa namna ile huinunua raha ya dakika mbili kwa fedha ya mteja. Jibu la haki lingekuwa zito kulitamka: "Dada, nisamehe. Nguo za wanao bado sijazikata. Mbili naweza kuzimaliza kabla ya Idi, nne siwezi. Ukitaka, nikurudishie vitambaa viwili leo hii pamoja na fedha yake, umpelekee fundi mwingine kungali na muda." Mama atakasirika, pengine zaidi ya mwanzo. Lakini watoto wake watavaa.

Upole wa kweli huonekana hapo, katika kuwa tayari kuipokea hasira iliyo haki yetu, badala ya kuikimbia kwa uongo na kuihamishia kesho ikiwa imeongezeka.

Upole si ujinga

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba si kila mpiga simu ni mwenye haki. Ni kweli, na jambo hili tusilifiche.

Yupo anayetumia hasira kama silaha ya utapeli. Mawakala wa miamala wanawajua vizuri. Simu inalia, mtu anafoka kwamba fedha yake imeingia kwako kimakosa, mgonjwa yuko hospitali, irudishe sasa hivi kwa namba hii. Ukali wake umekusudiwa kukunyima nafasi ya kutazama salio. Upole hautulazimishi kuharakisha. Jibu ni lile lile la heshima: "Nimekusikia. Naangalia kwanza muamala wako." Kama kweli fedha imeingia kimakosa, njia salama ni kampuni ya mtandao husika kuishughulikia, si sisi kuituma mahali tusipopajua. Na namba ya siri haitajwi kwa yeyote, awe anafoka au anabembeleza.

Mteja wa kweli aliyetuma fedha kwa namba isiyo yake naye huja na hasira ile ile, na humlaumu wakala ambaye hana uwezo wa kuirudisha. Huyo tusimfukuze. Tumwonyeshe kumbukumbu ya muamala, tumsaidie kupiga huduma kwa wateja ya mtandao wake mapema kabla fedha haijatolewa, tukae naye mpaka apokelewe. Akikwama huko, hapa Tanzania anayo haki ya kupeleka lalamiko lake juu ya huduma za simu kwa TCRA, kama ambavyo malalamiko ya umeme na maji hupelekwa EWURA, baada ya kuanza na mtoa huduma mwenyewe. Kumjulisha mtu mlango wake wa haki ni sehemu ya huduma.

Yupo pia anayetukana, au anayemtolea binti wa watu maneno ya aibu kwa kuwa anajua hawezi kumkatia simu. Haki ya kusema haifiki huko. Aonywe mara moja kwa utulivu: "Ndugu yangu, nataka kukusaidia, lakini kwa maneno haya siwezi kuendelea." Akiendelea, simu ikatwe kwa salamu na jambo liandikwe.

Hapa tunawageukia wenye maduka na makampuni. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha kitabu juu ya wahudumu wa ndege na wakusanya madeni, akaonyesha kwamba kazi zao huwataka wauze hisia zao pamoja na nguvu zao: mmoja atabasamu asipotaka, mwingine akaripie asipotaka, na kwamba jambo hilo lina gharama yake moyoni. Binti anayepokea simu za malalamiko kutwa nzima anaibeba gharama hiyo hadi nyumbani. Mwajiri anayemwamuru awe mpole kwa wateja, ilhali hampi uwezo wa kurekebisha kosa wala ruhusa ya kukata simu ya matusi, amemweka kuwa ngao na si mhudumu. Nanyi wazazi, binti huyo akirudi jioni akajifungia kimya chumbani, msimharakishe kwa maswali. Pengine ametumia maneno yake yote.

Simu ndani ya nyumba

Limebaki jambo la nyumbani. Simu ya biashara ya mama mara nyingi hupokelewa na mtoto. Tuwafundishe mambo matatu: watoe salamu, waandike jina na ujumbe, na wasiseme uongo. Mama anayemwambia mtoto, "Mwambie sipo," akiwa amekaa kitini, anamfundisha somo ambalo madrasa haitalifuta kwa mwaka mzima. Mtoto anaweza kusema kwa kweli kabisa, "Mama hawezi kuzungumza sasa, atakupigia baada ya Adhuhuri." Na mama apige.

Vilevile tusiziweke simu za wateja kwenye spika mbele ya wageni. Deni la mtu, namba yake na kilio chake ni amana. Tukimaliza simu ya mtu aliyekasirika, tusiigize sauti yake ili nyumba icheke. Watoto wanaocheka leo ndio watakaopokea simu hiyo kesho.

Yule mzee

Juma lililofuata hitma tulikwenda nyumbani kwake baada ya Isha, sisi pamoja na yule kijana. Tulimwamkia, tukamweleza kila kitu, tukamrudishia fedha ya turubai. Alitukaribisha kahawa na kashata. Fedha aliikataa, akasema iende kwa walimu wa madrasa. Alitusamehe mbele ya watoto wake, wala hakulizungumza tena jambo lile.

Miezi michache baadaye alimwoza binti yake. Tulialikwa, tukaenda, tukala. Maturubai na viti alikuwa amekodi kwingine.

Hatukumlaumu. Msamaha ni hisani yake kwetu, na imani ya kuturudia ni jambo tunalopaswa kulichuma upya, simu moja baada ya nyingine. Kwenye meza ya simu ya mradi sasa kuna daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, na yule kijana ndiye wa kwanza kuuliza, kila simu inapokatwa, kama imeandikwa.

Tumwombe Allah atujaalie ndimi laini na mikono inayolipa. Tukutane juma lijalo, inshaallah.